Bukari ya Watu Wawili: Mwongozo Kamili wa Jiko la Ndoa Changa Lubumbashi

Wengi wetu hapa Lubumbashi tumekulia kwenye malupango (viwanja vya nyumba) yenye midomo minane au kumi, na zaidi siku za sikukuu. Mkono wa binti aliyepika pale, au wa kijana aliyeachiwa mwiko mama akichelewa sokoni, unajua chungu kimoja tu, kile kikubwa. Kisha harusi inapita, mnapanga vyumba viwili Katuba au Kampemba, na mkono uleule unaendelea kumwaga unga kama zamani. Bukari (ugali) inabaki nusu kila usiku, mfuko wa unga unaisha tarehe 20, na swali linaanza kuulizwa kwa sauti isiyo nzuri: pesa ya rasioni, yaani ya chakula cha nyumba, imekwenda wapi?

Kupika kwa watu wawili ni ujuzi wa peke yake. Mashangazi katika mafundisho ya kabla ya harusi wanasema mengi na mazuri juu ya heshima, juu ya bukwe, juu ya chumba cha kulala, lakini ni wachache wanaomwonyesha bibi harusi kipimo cha unga wa sahani mbili. Bwana harusi naye haonyeshwi chochote cha jikoni. Mwongozo huu ni wa wote wawili. Nimeupanga kwa mfuatano ambao mambo yenyewe hujitokeza katika miezi ya kwanza: vyombo, moto, rasioni, bukari, mboga, ajali, na mwisho wageni.

Hatua ya 1: Chagueni vyungu vitatu, vingine vipumzike

Zawadi za harusi zina tabia ya kuja kwa ukubwa. Vyungu seti nzima, termosi tatu, sahani dazeni mbili. Vitandazeni sakafuni siku moja ya mapumziko, mkiwa wawili, mchague vyungu vitatu vya kazi ya kila siku. Kimoja cha lita tatu hivi chenye kitako kizito, cha bukari. Kimoja cha lita mbili, cha mboga. Kimoja kikubwa, cha maharage, cha kuchemshia maji, na cha siku ya wageni. Ongezeni kikalango kimoja cha kukaangia, mwiko mmoja mrefu wa kusongea na mwingine mfupi wa mboga, kisu kizuri, na kikombe kimoja ambacho hakitatumiwa kwa kitu kingine ila kupimia unga. Hicho kikombe ndicho chombo muhimu kuliko vyote katika mwongozo huu.

Vilivyobaki vifungeni na kuviweka juu ya kabati. Msiviuze. Shangazi aliyeleta kile chungu cha lita ishirini atakuja siku moja, ataangaza macho, na ni haki yake kukiona.

Neno juu ya vyungu vya alumini vinavyosubuliwa hapa mjini kwa vyuma chakavu. Ni vizito, havishiki chakula haraka, na bei yake inapatikana. Lakini vyuma chakavu vinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hutoka polepole na kuingia katika chakula, hasa chakula chenye uchachu. Risasi humdhuru mtoto tangu akiwa tumboni. Kwa bukari na kwa maji ya kuogea, tumieni. Kwa mchuzi wa nyanya, kwa ngaingai (majani machachu) au kwa kitu chochote cha ndimu, chukueni chungu cha chuma kisichoshika kutu au cha enameli, na msilaze chakula ndani ya alumini usiku kucha.

Hatua ya 2: Uwe na moto wa aina mbili

Anayetegemea resho (jiko la umeme) peke yake atalala njaa, na anayetegemea mbabula (jiko la makala, yaani mkaa) peke yake atamaliza pesa kwa makala. Muwe na vyote viwili. Asubuhi umeme ukiwepo, chemsheni maji yote ya siku na kuyatia kwenye termosi. Jioni, wakati mtaa mzima unawasha na umeme unalegea au kukatika, mbabula ifanye kazi.

Jifunzeni tendo hili hadi mkono ulifanye wenyewe: umeme ukikatika mnapika, zima resho kwanza, ndipo utafute taa. Umeme una tabia ya kurudi saa nane za usiku. Resho iliyoachwa imewashwa, chungu juu yake na maji yamekauka, ni moto unaosubiri ninyi mlale.

Makala nunueni kwa mfuko kama chumba kinaruhusu, kwa sababu anayenunua fungu dogodogo kila jioni hulipa zaidi mwisho wa mwezi. Kipande kizuri ni kizito, kimekauka, na ukikigonga kwa kingine kinalia kama kigae. Chenye udongo mwingi na vumbi kitatoa moshi na kuisha upesi. Mfuko wa akiba ununuliwe Septemba au Oktoba. Kuanzia Novemba mvua zinalowesha miti na kuharibu barabara za msituni, na bei inafuata. Mbabula yenye ukuta wa udongo ndani inahifadhi joto kuliko ile ya bati tupu. Tofauti ya bei yake inarudi haraka. Kuwashia, tumieni vijiti vikavu au karatasi, mlango wa chini ukiwa wazi kuelekea upepo. Mifuko ya plastiki inawaka upesi, ni kweli, lakini moshi wake ni sumu na unaingia moja kwa moja kwenye mapafu ya anayepuliza.

Sasa jambo ambalo ningependa lisomwe mara mbili. Juni na Julai usiku wa Lubumbashi ni baridi, na wachanga wa ndoa wanaopenda joto la chumba kidogo hushawishika kuingiza mbabula ndani na kufunga dirisha. Msifanye hivyo hata siku moja. Makala yanapokuwa mekundu bila moshi watu hudhani hatari imekwisha, kumbe hapo ndipo hewa ya monoksidi ya kaboni inajaa bila rangi wala harufu. Inaanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, kisha usingizi usio na kuamka. Mkiona dalili hizo wote wawili kwa wakati mmoja, tokeni nje mara moja, mlango uachwe wazi, na mwende hospitali hata kama mnajisikia nafuu. Baridi ina dawa nyingine: blanketi la pili, chai ya tangawizi, na kulala karibu.

Hatua ya 3: Rasioni ipangwe kwenye karatasi, wote wawili mkiwepo

Desturi ya bwana kuacha pesa mezani kila asubuhi ina ubaya wake. Anayenunua kwa siku hununua kwa bei ya siku. Mshahara ukitoka, au wiki ya biashara ikiwa nzuri, tengeni kwanza vitu vya mwezi: unga, mafuta, chumvi, sukari, chai, sabuni, maharage, makala. Kinachobaki kigawanywe kwa wiki nne, ndicho cha mboga, nyanya, vitunguu na samaki. Kila mmoja ajue ziko ngapi. Ugomvi mwingi wa jikoni ambao nimeusikia ukisuluhishwa na wazee ulianza kwa mmoja kutojua bei ya nyanya.

Hesabu ya unga ni rahisi. Watu wazima wawili wanaokula bukari mara moja kwa siku hutumia gramu 300 hadi 350 za unga, yaani kama kilo 10 kwa mwezi. Mkila mchana na usiku, ni kilo 20. Mfuko wa kilo 25 basi unawatosha, na unabakiza kilo kadhaa za wageni. Ukiisha kabla, tatizo ni kipimo na si bei.

Wanaonunua kwa meka, kopo la kupimia la sokoni, waijue meka ya muuzaji wao. Ile iliyobonyezwa chini haijazi sawa na iliyonyooka. Pimeni mara moja nyumbani kwa mizani ya jirani, na mkimpata mama anayepima kwa haki, mbakie kwake. Kumbukeni pia mwendo wa mwaka: mahindi yanavunwa kuanzia Aprili, kwa hiyo miezi ya Januari hadi Machi ndiyo migumu, na unga mwingi wa mji huu hupita Kasumbalesa ukitoka Zambia. Mpaka ukibana, bei hupanda. Mwenye nafasi anunue mifuko miwili baada ya mavuno, aiweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na auchekeche unga kila baada ya wiki chache ili vidudu visipate makao.

Sokoni, iwe soko la Kenya, la Mzee Kabila au Njanja, anzeni na vikavu na mmalize na samaki. Tomsoni, samaki wa kugandishwa, inunuliwe mwisho ili ifike nyumbani bado ina barafu. Kwa samaki asiyegandishwa, macho yawe maangavu, matamvua mekundu, na nyama irudi mahali pake ukiibonyeza. Tomsoni moja kubwa inawafanyia milo miwili, mkia na kichwa leo kwenye mchuzi, minofu kesho ya kukaanga, ikiwa tu kuna friji inayofanya kazi. Kama haipo, chukueni mdogo, au nunueni samaki mkavu wa ziwa Moero na kapenta (dagaa), ambao wanangoja bila kulalamika.

Hatua ya 4: Bukari yenyewe

Hapa tukae kidogo.

Kwa watu wawili chukueni maji mililita 750, yaani chupa ya nusu lita moja na nusu yake. Unga gramu 300 hadi 350. Wekeni alama kwa kisu kwenye kile kikombe chenu mkishapata kipimo kinachowashibisha, na msikiache hadi mwezi wa tatu. Mkono utajifunza, lakini lazima ufundishwe.

Toeni vijiko vinne vya unga, vikorogeni kwenye kikombe na maji baridi kutoka katika yale 750 hadi vilainike kabisa. Maji yaliyobaki yakiwa yanakaribia kuchemka, mimineni uji huo huku mkikoroga. Huu ndio ufunguo wa bukari isiyo na mabonge. Unga mkavu ukiangukia maji yanayotokota, nje yake hupikika na kujifunga, ndani hubaki unga mkavu, na bonge hilo halitapasuka hata ulisonge hadi usiku wa manane.

Uji ukianza kurusha matone, punguzeni moto, funikeni, na muuache dakika kumi kamili. Vijana wengi wanaruka hatua hii kwa sababu wana njaa. Bukari inayonuka unga mbichi na kuuma tumbo ni ile ambayo uji wake haukuiva. Baada ya hapo tieni unga uliobaki kidogo kidogo, kiganja baada ya kiganja, mkisonga kwa kuusukuma ukutani mwa chungu na kuurudisha katikati. Ikishika mwiko na kuachana na chungu, inatosha. Funikeni tena dakika tatu kwenye moto mdogo, geuzeni mara ya mwisho, pakueni kwa kijiko au sahani iliyoloweshwa.

Ikiwa nyepesi, msitupe unga mwingi kwa pamoja. Irudisheni motoni na mwongeze kijiko kimoja kimoja. Ikiwa ngumu kama tofali, tobozeni mashimo kwa mwiko, mwagieni maji ya moto robo kikombe, funikeni dakika mbili, kisha songeni upya.

Kuna jambo la ladha ambalo ni zito kuliko linavyoonekana. Lubumbashi ni mji wa watu waliotoka kila upande, na ndoa zake hivyohivyo. Mmoja amekulia kwa bukari nyeupe ya mahindi matupu. Mwingine, nyumba ya watu wa Kasai, amezoea bidia yenye mahindi na muhogo, inayovutika. Wiki ya pili mtu anasema “hii siyo bukari,” na mwenzake anasikia ametukanwa mama yake. Mpangilio ninaoupendekeza: siku moja apike mmoja kwa namna ya kwao, siku nyingine mwenzake, na asiyepika akae jikoni atazame. Kuchanganya pia kunafaa. Robo ya muhogo na robo tatu za mahindi ni mwanzo mzuri. Unga wa muhogo utiwe mwishoni, kwa sababu unakaza ghafla na unahitaji mkono wenye nguvu.

Na mkono wenye nguvu mara nyingi ni wa bwana. Kusonga bukari hakumpunguzii mtu uanaume. Nimeona wanaume waliofunga mwiko kiunoni, kwa kusema hivyo, wakisifiwa na wakwe zao kuliko walioleta mafriji.

Unga wa muhogo nunueni kwa mtu mnayemjua. Muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha hubaki na sianidi, na katika nchi yetu ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, ulielezwa na daktari Giovanni Trolli kule Kwango tangu 1938. Unga ukiacha uchungu ulimini, usiupike.

Hatua ya 5: Mboga za sahani mbili

Bukari inapimika, mboga ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu fungu la sokoni limefungwa kwa ajili ya familia.

Sombe, yaani majani ya muhogo, ndiyo mfano. Hakuna sombe ya watu wawili. Basi pikeni yote, lakini kwa awamu. Majani yatwangwe hadi yalainike kweli, au mnunue iliyotwangwa asubuhi hiyohiyo. Chemsheni na maji mengi bila kufunika, saa moja au zaidi, ili ile sumu ya muhogo itoke na mvuke. Ikishaiva tupu, bila chumvi wala mafuta, igaweni mara tatu. Sehemu ya leo iungwe: kitunguu, bilinganya, pilipili ya kijani, mafuta ya mawese, samaki mkavu aliyeoshwa kwa maji ya moto, na ichemke polepole hadi mafuta yapande juu. Sehemu ya pili iende kwenye friji kwa kesho. Ya tatu mpelekeeni jirani wa lupango hilohilo. Wiki ijayo atakuja na bakuli lake, na hapo mmeanza ujirani ambao utawafaa siku mtoto atakapougua usiku.

Lengalenga (mchicha) na matembele ni rahisi zaidi, dakika kumi tu motoni. Lengalenga na unga wa karanga ni mlo wa kupendeza kuliko nyama ya bei kubwa: majani yachemke kidogo, nyanya na kitunguu viingie, kisha nusu kikombe cha karanga zilizotwangwa, moto uwe mdogo, koroga mara kwa mara maana karanga inashika chini haraka. Mafuta yakianza kuonekana pembeni, imeiva. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu zitupwe. Sumu ya ukungu ule haiondoki kwa kupikwa.

Maharage yanahitaji subira ya mahali hapa. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96, na maharage yanachukua muda mrefu kuliko anavyokumbuka aliyekulia Kinshasa. Yalowekwe usiku, maji yamwagwe, yatiwe mapya, yatokote kwa nguvu dakika kumi za kwanza bila kupunguzwa moto. Mekundu hasa yana sumu inayoharibu tumbo yakipikwa kwa joto dogo tu. Kisha moto mdogo. Nyanya iingie yakishalainika, kwa sababu uchachu wake huyakaza. Pikeni kilo nzima siku ya kupumzika, hesabu ya makala itawashukuru, na mle kwa siku tatu kwa sura tatu: siku ya kwanza na bukari, ya pili na mchele, ya tatu yamepondwa na kuungwa kwa mawese.

Mvua zikianza, soko linabadilika na ndoa changa ina bahati ya kulionja kwa mara ya kwanza kama nyumba. Vinkubala (viwavi) vikavu viloweshwe maji ya uvuguvugu, vioshwe mara mbili tatu kuondoa mchanga, vichemke kidogo, kisha vikaangwe na nyanya. Uyoga wa vichuguu unafika, mwingine mkubwa hata kofia yake kukaribia mita moja, na kipande chake kimoja kinawatosha wawili. Nunueni kwa mama anayeuza uyoga miaka yote. Msiokote wenyewe njiani mkirudi shambani, kwa sababu uyoga wenye sumu haubadiliki kwa kukaushwa wala kuchemshwa. Chikanda nayo, ile ya mizizi na karanga inayokatwa vipande, inunuliwe ikiwa imetengenezwa siku hiyohiyo.

Joto la Oktoba halina huruma kwa kiporo. Chakula kilichokaa nje zaidi ya saa mbili kisingoje kesho. Kilichohifadhiwa vizuri kipashwe hadi kitokote chote, na kwa mara moja tu.

Hatua ya 6: Ajali

Chakula kimeungua: usikoroge. Epua, weka chungu juu ya kitambaa chenye maji, hamisha sehemu ya juu kwenye chungu kingine bila kukwangua chini. Onja. Kama harufu imeingia, kitunguu kibichi na nyanya mpya vitasaidia kiasi. Kama imeingia sana, fungua kopo la samaki na mle mkicheka. Chungu chenyewe kilowekwe maji na majivu hadi asubuhi.

Chumvi imezidi: ongeza kisicho na chumvi, yaani maji, majani zaidi, karanga, au nyanya. Kiazi kinachotupwa ndani kinasifiwa sana lakini kazi yake ni ndogo.

Mafuta yamewaka kwenye kikalango: kamwe usimwage maji. Zima moto wa chini kama mkono unafika, telezesha kifuniko juu, usikiinue hadi kipoe. Kifuniko cha kikalango kiwe karibu kila mara mnapokaanga.

Mtu ameungua: maji safi ya baridi, yakitiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta, yai na unga vyote vikae mbali. Kwa sababu bomba halina maji kila saa, kidumu kimoja kilichojaa kibaki jikoni siku zote kwa kazi hiyo peke yake. Malengelenge makubwa, au kuungua usoni, mkononi au sehemu za siri, ni safari ya hospitali.

Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika moja kamili, yafunikwe, yachotwe kwa kikombe chenye mkono mrefu. Msimu wa mvua kipindupindu kinajua njia ya mji huu, kwa hiyo hata maji ya kuoshea nyanya za kachumbari yawe yamechemshwa.

Kuna ajali nyingine isiyo ya moto: maneno. Aliyepika ameshinda juani au kazini, kisha ameketi mbele ya mbabula. Neno la kwanza mezani liwe asante. La chumvi lingoje hadi sahani zimeoshwa, na aliyekula asiyepika ndiye aoshe.

Hatua ya 7: Wageni

Wageni wa ndoa changa hawapigi hodi kwa simu. Mama mkwe anapita “kuwasalimia tu,” shemeji ametoka Likasi na mzigo wake, na chungu chenu ni cha watu wawili. Ndiyo maana ndoo moja yenye kifuniko iitwe ya wageni, na isiguswe kwa njaa ya kawaida. Ndani yake wekeni kilo mbili za mchele, kapenta kavu vikombe viwili, makopo mawili ya nyanya, karanga, chai na sukari. Mayai yakae pembeni yake. Kilichotumika kirudishwe wiki hiyohiyo.

Mama mkwe akifika bila taarifa, maji kwanza, kisha kiti kizuri, kisha chai, na wakati anakunywa bwana abaki naye kwa mazungumzo au, vizuri zaidi, bibi abaki naye na bwana aende jikoni. Kapenta zioshwe, zikaangwe zikauke, ziungwe na nyanya na karanga. Dakika 40 zinatosha kwa kila kitu, mchele ukiwa juu ya moto wa pili. Akisema mboga imepungukiwa kitu, mwulizeni ni kitu gani, na mara ijayo kiwepo. Hakuna heshima anayoipokea kwa furaha zaidi.

Kwa ziara iliyopangwa, munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, unawapa sifa. Pikeni uji mwepesi wa mahindi, uache upoe hadi uvuguvugu, ndipo mizizi ya munkoyo iliyopondwa iingie. Uji utalegea na kuwa mwepesi kama maji ndani ya saa chache, kwa sababu mizizi ile inavunja wanga na kuufanya sukari. Chujeni, funikeni, na mwunywe kesho yake ungali mtamu. Siku ya tatu unachacha na kuanza kupanda kichwani, kwa hiyo mchungaji asipewe ule. Vyombo na mikono viwe safi kabisa, maana munkoyo hauchemshwi tena baada ya mizizi.

Mwisho ni mechi. Timu ya Mazembe ikicheza Kamalondo, bwana atarudi na marafiki, na wakishinda watakuwa wengi zaidi. Makubaliano yawe haya tangu mwezi wa kwanza: ujumbe utumwe wakati wa mapumziko, kabla ya kipindi cha pili, wenye idadi. “Tunakuja wanne” ni ujumbe kamili. Aliye nyumbani anatoa chungu kikubwa, anapima mchele nusu kikombe kwa kila mtu na maji mara mbili yake, anatia maharage ya jana motoni na lita moja ya maji, nyanya na pilipili. Atakayeleta marafiki alete pia samaki wa kukaanga au kuku wa njiani, na mfuko wa makala ya kesho.